Sanduku Gani, Mwanangu? Risala ya Mafundi Kuhusu Simu Mpya ya Kampuni

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu mpya, karibu sana. Kiti ulichokalia ni kazi ya mikono yetu na gundi yake ni ya asubuhi hii, kwa hiyo tunakuomba usijitikise mpaka risala iishe. Sisi mafundi wa vitanda, makochi na masanduku tumesikia kwamba leo unachagua simu ya kampuni, na wenye ile mashine ya kupokea simu, iliyofungwa hapa kwa majaribio, wanakungoja nje na kalamu ya kusaini mkataba. Tumeomba tukuwahi.

HISTORIA FUPI

Tangu enzi za marehemu baba yako, simu ya hapa hupokelewa na mama wa mapokezi, ambaye sote tunamwita Mama Haloo. Hatutamsifu kupita kiasi. Ana maneno mengi. Mteja akiulizia kabati, huulizwa kwanza hali ya mama mkwe, na wapo waliokata simu wamelisahau kabati lenyewe. Lakini kila aliyetaka sanduku aliulizwa: "Sanduku gani, mwanangu?" Swali hilo tulilidharau. Sasa tunalililia.

MAFANIKIO

Tangu mashine ifungwe, haijachelewa kazini hata siku moja. Ni hilo tu.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, wewe hukukulia karakanani, basi tuseme wazi. Hapa kwetu neno jeneza halitamkwi ovyo mbele ya mfiwa, tunasema sanduku. Mashine nayo ikafundishwa hivyo hivyo: "Kwa vitanda, bonyeza moja. Kwa sanduku, bonyeza mbili." Na mbili inalia kwa fundi wetu mpole kuliko wote, ambaye hupokea simu akiwa na huzuni tayari.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, baba mmoja akabonyeza mbili.

"Pole sana, mzee wangu," fundi akasema. "Ana urefu gani?"

"Nani, mwanangu? Ananifikia begani."

"Loo, bado mdogo! Kazi ya Mungu haina makosa. Anaondoka lini?"

"Jumatatu, na basi la shule."

"Na ndani tuweke kitambaa cheupe?"

"Cha nini? Weka kitasa! Wenzake watamwibia sabuni."

Fundi alikuja kutuuliza, macho mekundu, kama siku hizi watu wanazikwa na sabuni.

Kisha mfiwa mmoja, kwa machozi, akabonyeza moja, akaulizwa kama anataka cha watu wawili. Hilo hatulicheki. Tuliona aibu, na bado tunaiona. Wakati huo Mama Haloo alikuwa ameshahamishiwa chumba cha vanishi, anakohoa, na simu ikilia ng'ambo ya ukuta mkono wake unanyanyuka wenyewe. Inatuuma kumtazama.

MAOMBI

Tunaomba umrudishe mapokezi. Mashine ikibidi ibaki, basi ipige muziki wakati yeye anaulizia mama mkwe. Fundi makochi anaomba na feni, lakini tumemwambia asichanganye mambo.

Pia tunaomba radhi. Juzi katibu wako alipiga simu kuagiza sanduku la maoni kwa ajili ya ofisi ya Mkurugenzi. Mashine ikampeleka kwa fundi mpole, naye aliposikia "sanduku" na "Mkurugenzi" hakusikia tena kitu kingine. Akauliza urefu wako. Katibu akautaja bila wasiwasi, akidhani tunataka tundu la kutumbukizia maoni liwe usawa wa macho yako.

Wale wajumbe waliofika kwako jana wakilia, ukawafungulia mlango mwenyewe, wakasema wamekuja kusalimu tu, walikuwa wetu. Rambirambi wamerudi nazo.

Sanduku lenyewe ndilo lile pale ukutani, limefunikwa shuka. Mbao ni nzuri, hatukuona sababu ya kuzipoteza. Tumelisimamisha na kulitoboa tundu. Maoni yetu tumeshayatumbukiza, nayo ni haya: siku utakapohitaji sanduku kweli, na siku hiyo iwe mbali sana, watu wako watakaopiga simu hapa wapokelewe na mtu.

Mungu akupe maisha marefu, marefu kuliko sanduku lile.

Ni sisi mafundi wako wa vitanda, makochi na masanduku ya kila aina.