Biram Njie na Kondoo Aliyeitwa Jobe

Tarehe 30 Juni, Bwana Biram Njie anakabidhi funguo za zizi baada ya miaka thelathini na mitatu ya kukitumikia kituo chetu cha mifugo. Kamati imenipa mimi, Ndey Jobe wa maabara, kazi ya kuandika wasifu wake. Wamekosea. Ukoo wa Njie na ukoo wa Jobe ni watani tangu enzi za mababu, na kumtaka Jobe amsifu Njie hadharani ni kumtesa bure. Nitajitahidi.

Waliomtangulia husimulia kwamba aliingia kama kibarua wa kukata majani, mwembamba, kofia imemzidi kichwa. Mwaka haujaisha, alikuwa akimjua kila mbuzi na kondoo wetu kwa sauti. Ndiye aliyetufundisha sisi wenye vyeti kumshika kondoo bila kupigwa teke, na chai yake ya attaya imemaliza ugomvi mwingi kuliko vikao vyote vya ofisi.

Lakini Biram ninayemjua mimi ni wa msimu mmoja wa mvua, miaka ishirini na sita iliyopita. Mkurugenzi wa wakati huo, Dokta Kumba Sarr, alitaka kujua ni kondoo gani wanaostahimili minyoo: hawa wetu wafupi, au wale warefu wa kaskazini ambao kila mtu huwatamani Tobaski, sikukuu ya kuchinja, ikikaribia. Wakachungwa pamoja kwenye majani yale yale mabichi, ishirini kwa ishirini. Kila wiki Biram aliwafunua kope kuangalia kama damu imepungua, akaniletea kinyesi, nami nikahesabu mayai ya minyoo kwa hadubini. Aliyezidiwa alipewa dawa, akaandikwa na kutolewa kwenye jaribio. Kutolewa maana yake kwenda kwa mchinjaji.

Ilikatazwa kuwapa wanyama majina. Biram akamwita jike mmoja mrefu Jobe, eti anakula kuliko wote na bado analalamika. Nilicheka mpaka machozi. Kisha kope za Jobe zikawa nyeupe. Mtani hawezi kukaa akimtazama mtani wake anakufa. Biram alimnywesha dawa, na hakuandika.

Muda si mrefu mayai ya wale warefu yakashuka karibu na sifuri. Dokta Sarr alifurahi, akaandaa ripoti: kaya mia mbili za vijijini, za wanawake wasio na uwezo wa kununua dawa, zipewe kondoo warefu. Lori lilikuwa limeshapangwa. Wiki hiyo hiyo Biram alikuwa athibitishwe kazini.

Akabisha mlango wa mkurugenzi. Nilikuwamo ndani na majedwali yangu.

"Dokta, wale kondoo hawana nguvu yoyote. Mimi niliwanywesha dawa."

"Wangapi?"

"Nilianza na Jobe. Wenzake wakawa wananitazama. Sasa wewe, Dokta, ungefanyaje?"

"Wangapi, Biram?"

"Wote ishirini."

Kazi ya msimu mzima ikatupwa. Uthibitisho wake ukasogezwa miaka miwili, na wapo waliomwita mjinga kwa kujichongea mwenyewe. Mvua zilizofuata tulirudia jaribio. Kati ya warefu ishirini tulilazimika kuwatoa kumi na wanne; kati ya wafupi, wawili tu. Wanawake wakapewa wafupi, na mbuzi wafupi juu yake. Vizazi vyao viko huko mpaka leo.

Sasa niseme ambalo kamati haikuniomba. Yale mayai hayakupungua polepole. Yalikatika ndani ya wiki moja, na mimi nilijua minyoo haitoweki hivyo bila dawa. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu Dokta alikuwa na furaha nami nilikuwa mgeni kazini. Biram alikwenda kusema kile ambacho mimi tayari nilikuwa nimekihesabu. Sijawahi kumwambia. Namwambia leo, mbele yenu nyote, na ninaona aibu.

Asante, Biram. Kituo kizima kinakuombea afya, usingizi mzito na wajukuu wa kukusumbua. Mimi nakuombea zaidi ya hayo, kwa sababu lile lori ningeliacha liondoke.