Alama Niliyoifuta

Mmenikalia kooni wiki nzima, "Mama, tuachie neno," kana kwamba mimi ni mtu wa hotuba. Haya, kaeni, na wewe kitindamimba zima hiyo simu, maana sirudii.

Nyumba ni yenu wote watatu. Viti na vioo vya filamu vilivyojaa stoo gawaneni bila kutoana macho; vingi ni mbao mbovu nilizozipaka rangi zikaonekana za kifalme. Kazi iliyowalisha ndiyo hiyo. Mimi wa kuishia darasa la tatu, baba yenu fundi taa akinisomea hadithi nzima ya filamu, nami nikichora vyumba vyake kwa mkaa, kisha tunavijenga, na watu wanalilia nyumba za uso mtupu, zisizo na mgongo.

Karakana yetu ilikuwa na sheria moja. Kitu cha kukanyagwa tulikiita cha mwili. Cha kutazamwa tu, cha macho, na hicho seremala alikitia alama ya chaki nyekundu.

Seremala huyo mnamjua. Mmekua mkimwita muuaji, mkivuka barabara msimsalimie, nami kimya. Leo nimemwita mimi. Ndiye huyo mlangoni, na msimkodolee macho.

Roshani ile aliyoanguka nayo baba yenu ilikuwa ya macho. Aliitia alama, kubwa. Mpiga picha akataka kusogeza kamera karibu, alama ingeonekana, nikaifuta kwa kitambaa chenye mate, nikapaka masizi na maji ya chai mpaka roshani ikazeeka miaka mia, nikajisifu, nikasema alama nitairudisha nikishakula. Baba yenu akapanda kufunga taa. Aliitafuta kwanza ile alama, nilimwona kwa mbali, hakuiona, akaegemea.

Walipouliza ni nani hakuweka alama, nilimnyooshea seremala kidole, na kitambaa chenye chaki yake nyekundu kiko mfukoni mwangu. Hakupewa tena kazi ya kujenga.

Tangu hapo, kila nyumba niliyojenga, hata isiyo na dari, nimemsikia baba yenu akitembea juu yangu mchana kweupe, anakuja hadi ukingoni, anasimama. Hata sasa yupo. Nyamazeni kidogo... basi, nyinyi hamwezi kumsikia.

Nipeni maji. Polepole.

Nilimwomba seremala radhi, nikamwahidi nusu ya nyumba hii. Akacheka. "Shemeji, nyumba zako mimi nazijua. Waambie wanao, nikiwa nimekaa nasikia."

Nimewaambia. Nikifa, atangulie yeye kulibeba jeneza, na mumwite baba mdogo. Mwenyezi Mungu awashike kila mnapokanyaga, awape... awape ulimi wa kusema mapema kuliko wangu.

Mwanangu wa kwanza, wewe uliyenisomea baada ya baba yako, mbona umehamisha kiti? Sioni vizuri. Umekaa na seremala, siyo? Haya, kaa hukohuko. Nilijua malipo yatakuwa wewe.