Viungo vya Bibi na Bibi Viungo

Kahawa ya mzee Mwinshehe ndiyo kwanza ilikuwa inachemka pale kijiweni Mji Mpya, Morogoro, Martina alipofika na simu mkononi, akaketi kwenye benchi bila kuagiza. Habari yake ilijulikana. Miaka sita alikuwa akisaga mdalasini na iliki za Uluguru, akiuza kwa jina la Viungo vya Bibi. Mwaka jana kampuni moja ya Dar, wenye chapa ya Bibi Viungo, ikamshtaki kuwa kawaibia jina, na mahakama ikamzuia kulitumia mpaka kesi iishe. Asubuhi hiyo uamuzi ulikuwa umetoka.

— Wakili kasema kesi imeondolewa, alisema. Kampuni haikuonyesha kuwa bodi yake ilikaa ikakubali kunishtaki.

— Umeshinda! akadakia Bartholomeo, fundi viatu, ambaye tangu atoe ushahidi kwenye kesi ya mbuzi anaitwa Hakimu. Mzee Mwinshehe, mpe kahawa mshindi!

— Kasema zuio limekufa, ila wanaweza kukaa kikao, wafungue upya.

— Hawawezi, alisema Rivasi, dereva wa bodaboda. Bodi ile haielewani.

— We unaijua wapi?

— Nilimpakia mtu wao pale Msamvu. Alikuwa kanuna njia nzima.

— Labda ni uendeshaji wako, alisema Mwinshehe.

Hakimu akaweka kiatu chini.

— Mnababaisha. Bodi yenyewe haipo. Na kampuni ikikosa bodi inabaki nini? Jengo. Martina, dada yangu, umeshtakiwa na jengo!

— Jengo lenye wakili? aliuliza Martina.

— Majengo ya Dar yana kila kitu. Tena uamuzi huu mkubwa kuliko mnavyodhani. Kuanzia leo hakuna bibi Tanzania nzima anayeshtakika.

— Hata bibi yako anayepika gongo? aliuliza Rivasi.

— Hasa huyo!

Martina akacheka mpaka kahawa aliyopewa ikamwagikia kangani. Wiki nzima hakuwa amecheka. Alitamani kuwaamini, lakini akakumbuka lebo za Viungo vya Bibi zilizorundikwa chini ya kitanda. Akizibandika, wale wakarudi mahakamani, ataanza moja. Asipozibandika, wateja watamsahau.

Ndipo ikasimama bodaboda ngeni, magunia mawili yamefungwa nyuma. Akashuka bibi Maria, mkulima wa Kinole, aliyekuwa akimletea mdalasini tangu mwanzo. Tangu zuio hakuwahi kuteremka mjini.

— Shikamoo, bibi, wakamwamkia wote.

— Marahaba, wajukuu. Martina, nimesikia mahakama imesema. Nishushe mzigo, au nirudi nao?

Hakimu akaokota kiatu chake, akaanza kukitafutia uzi usiokuwepo. Rivasi akachungulia ndani ya kikombe. Mwinshehe akapuliza makaa yaliyokuwa yanawaka vizuri tu.

— Jamani, si nimeuliza? alisema bibi Maria. Au mahakama imewakata na ndimi?

Martina alimtazama yule bibi, vumbi la Kinole limemjaa hadi kwenye kope.

— Shusha, bibi.

— Una uhakika, mwanangu?

— Sina. Shusha tu.

Akajifunga kanga kiunoni, akashika ncha moja ya gunia.