Makopo Kumi na Moja ya Ndugu Krispini

Tarehe 30 Juni 1979 Ndugu Krispini Nsokolo anastaafu, baada ya kuitumikia Ofisi ya Maji hapa Mpanda kwa miaka ishirini na saba. Alianza mwaka 1952 kama kibarua wa kuchimba visima, akapanda hadi kuwa mpimaji wa maji. Muda wote huo amechelewa kazini mara moja tu, na siku hiyo baiskeli yake ilikuwa imeazimwa na padri.

Visima vyake viko Kabungu, Sibwesa, Litapunga na kwingineko ambako sisi wenzake tulifika mara moja tukaapa kutorudi. Kila udongo aliouchimba aliunusa. Akikaribishwa chai alinusa chai, akanusa na kikombe, na wenyeji waliomzoea hawakununa tena. Mkewe, Bibi Juliana, anasema hata barua ya posa ilinuswa kwanza ndipo ikapelekwa kwao.

Lakini mkitaka kumjua vizuri, sikilizeni habari ya mwaka 1974. Kisima cha mtaa wa jirani na stesheni kilianza kutoa maji yenye utando wa mafuta. Chai ilinuka, ugali ulinuka, na mtoto akishaoga aliambiwa akae mbali na jiko. Kamati ya mtaa haikujisumbua kuchunguza. Anayemwaga ni Natalia, mjane mwenye kibanda cha mafuta ya taa hatua chache kutoka kisimani, basi! Akapewa siku saba ahame, yeye na watoto wake wanne. Majirani waliokuwa wakipanga foleni kwake kila jioni wakaacha hata kumsalimia.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bwana Sixte, msimamizi wa karakana ya malori iliyo upande wa juu wa mtaa, yenye tangi la dizeli lililofukiwa ardhini tangu zamani. Ndugu Krispini alichota maji, akanusa, akasema hii ni dizeli, si mafuta ya taa. Bahati mbaya akapiga chafya tatu papo hapo. Bwana Sixte akacheka mpaka kofia ikaanguka, akauliza tangu lini Serikali inaamua kesi kwa pua ya mtu mwenye mafua. Wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, naungama leo, ingawa nilikuwa upande wa Ndugu Krispini.

Siku nne zilizofuata tulitoboa mashimo kumi na moja, kuanzia mlangoni kwa Natalia, kupita kisimani, hadi kwenye ua wa karakana. Mimi ndiye niliyezungusha keekee ya kutobolea ardhi, na mgongo unanikumbusha hadi leo. Yeye alitia udongo kwenye makopo ya maziwa ya unga aliyoomba kwa masista wa zahanati. Kila kopo likapewa namba, bila kufuata mpangilio, na shimo lake likaandikwa kwenye daftari ambalo alilala nalo.

Siku ya sita akaiita kamati, akakiri kwamba pua yake kweli imeziba, akawaomba wajumbe wamwazime zao. Walifurahi mno! Wakapita kopo hadi kopo, wakiyapanga kuanzia linalonuka sana, na kila mmoja akatia sahihi kabla daftari halijafunguliwa. Hakuna aliyenusa kwa bidii kama Bwana Sixte. Alipofika kopo namba tano alirudi nyuma, machozi yakamtoka, akatangaza kwamba amefanya kazi na mafuta miaka kumi na minane na hana haja ya kuambiwa: hapo ndipo Natalia anapomwaga. Akaliweka la kwanza, akatia sahihi kubwa kuliko wote.

Daftari likafunguliwa. Kopo namba tano lilitoka kwenye ua wa karakana yake. Kopo la mlangoni kwa Natalia ndilo lililopangwa la mwisho, na wajumbe wote walikuwa wamekubaliana kwamba linanuka dagaa. Loo! Mjumbe Prisila alianza kucheka akashindwa kuacha, ikabidi asindikizwe nyumbani.

Tangi lilipofukuliwa, tundu lake lilikuwa na ukubwa wa kidole gumba. Bwana Sixte, tumpe haki yake, alikwenda mwenyewe kumwomba Natalia radhi, akatoa lori la kuleta maji safi mtaani. Udongo mchafu ukachimbwa ukaondolewa. Hata hivyo maji hayakusafika upesi. Kwa miaka mitatu Ndugu Krispini alikwenda kuyapima kila Jumatatu.

Mwaka 1977 alitangaza kuwa kisima kimepona. Mtaa mzima ukaja na ndoo, na hakuna aliyethubutu kuonja. Natalia akatoka kibandani, akachota, akanywa kikombe kizima mbele ya watu wale wale waliotaka kumhamisha. Kisha akawajazia ndoo mmoja baada ya mwingine, akimwita kila mtu kwa jina lake. Ndugu Krispini alilia, nasi tukalia naye, wala hatukuona haya.

Ndugu Krispini, tunakushukuru kwa moyo wote. Wewe na Bibi Juliana muwe na afya, mpunga wenu ukubali, na uzee uwapokee vizuri. Chai ya sherehe hii imepikwa kwa maji ya kisima kile, na aliyeyaleta asubuhi kichwani ni Natalia mwenyewe. Kunywa, mzee wetu, bila kunusa.