Akaunti ya Mzee Orville, Kabla ya Ijumaa

Mgeni rasmi, Bi. Noreen Kowalchuk, Mkuu wa Mitambo ya Kompyuta wa chuo hiki, walimu wetu, na ninyi nyote mliokanyaga theluji ya Winnipeg kufika hapa.

Sisi wanachama tisa wa Barafu Salama tunakukaribisha. Kahawa ipo, na pierogi, yale maandazi ya kujazwa viazi, zipo. Utuwie radhi msomaji akikimbiza maneno. Leo ni Jumatano, na Ijumaa haiko mbali.

HISTORIA

Miaka kumi na moja iliyopita Mzee Orville Sigurdson, fundi simu mstaafu, alichoka kusikia magari yanayovuka ziwa lililoganda yamepasua barafu na kuzama. Akaandika programu inayopokea vipimo vya barafu kutoka kwa wavuvi na madereva, halafu kila alfajiri inachora ramani: hapa pita, hapa usithubutu. Chuo kikatupa nafasi kwenye seva zake.

Masharti ya sisi kuzitumia aliyaandika Mzee mwenyewe, chuo kikayapitisha. La kwanza linasema kila mtu aingie kwa jina lake na neno lake la siri. Tulimcheka: "Mzee, tuko wachache hivi, nani atamwibia nani?" Akajibu, "Ninyi ndio ninaowaogopa."

MAFANIKIO

Msimu uliopita hakuna gari lililofuata ramani yetu likazama. Yapo mafanikio mengine, lakini muda hautoshi.

CHANGAMOTO

Mwezi wa Septemba Mzee Orville alipata kiharusi. Programu inaendeshwa ndani ya akaunti yake, na ikikwama lazima mtu aingie humo aikwamue. Tulileta fomu ya kuihamishia kwenye akaunti ya kikundi. Pale dirishani kwenu tukaambiwa mwenye akaunti aje asaini mbele ya Mkuu, yaani wewe. Tukasema hawezi hata kusimama.

"Basi tusubiri apone," tukajibiwa.

Tukaenda hospitalini kumwomba neno lake la siri. Mkono wa kulia umekufa ganzi, kwa hiyo aliliandika kwa wa kushoto, dakika ishirini nzima, jasho likimtoka. Delphine Chartrand akalinakili lisomeke. Na sisi, tunaowahubiria wanafunzi wako usalama wa kompyuta kila Alhamisi, tukalibandika kwenye mlango wa jokofu. Mkaguzi wako aliingia kutafuta maziwa ya kahawa.

Mwandiko ulikuwa wa Delphine. Alipoulizwa alisema, "Ni mimi. Hawa wengine hawajui kitu." Sasa amefungiwa seva zote. Sisi wanane tulikuwa pale pale, tukatazama viatu vyetu, na aibu ile haijatutoka.

Mgeni rasmi, Delphine alikudanganya. Tuliingia kwa zamu, sote tisa. Majina na tarehe tumeambatisha.

Ijumaa zinatimia siku tisini tangu Mzee Orville aingie mwenyewe mara ya mwisho, maana zamu zetu hazihesabiwi, na akaunti yake itafutwa pamoja na kila kilichomo. Jumamosi malori ya mafuta yanaanza kuvuka ziwa. Ramani isipotoka madereva watavuka tu, tunawajua vichwa vyao. Lori la kwanza ni la Gilles, kaka yake Delphine. Tulimsihi asubiri wiki moja. Alituuliza, "Na walioko ng'ambo waote moto wa nini, maneno yenu?"

MAOMBI

Delphine arudishiwe nafasi yake, au tufungiwe sote. Hatuombi sharti lilegezwe. Ni sharti zuri, na tulilivunja tukijua.

Ombi la pili halihitaji kikao. Hospitali iko barabara mbili kutoka hapa, na muda wa kuona wagonjwa unaisha saa kumi. Jana tulipomwambia Mzee Orville kwamba unakuja, alisema kwa taabu, neno moja moja, "Mleteni. Msimjaze kahawa, atachelewa."

Twende kwake sasa hivi, Bi. Noreen. Fomu hii hapa. Gari linanguruma nje, limeshapata joto, na msomaji wako amevaa koti tangu ukurasa wa kwanza. Muuguzi ametupigia simu: tangu asubuhi mzee amekataa uji, anajifunza kusaini kwa mkono wa kushoto.

Mungu akujaalie barafu nene popote utakapokanyaga.

Ni sisi,
Barafu Salama, watu tisa na mmoja aliye kitandani.
Imesomwa na Bertrand Okimaw.