Kinachokula Umeme wa Kipimo

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, ukutani mwa duka la vipuri lililofungwa zamani, na anayekaa mwisho wa kushoto hukaa kwa adabu, maana mwenzake wa kulia akisimama ghafla, ubao huinuka. Wenyewe hufika alasiri, jua likishahamia upande wa pili wa barabara. Shangazi hutua jiko lake pembeni, birika juu, vikombe kwenye ndoo ya maji, na kuanzia hapo hakuna jambo duniani lisilo na mtaalamu. Siku hiyo mtaalamu alihitajika kweli. Kipimo, fundi cherehani asiyevua utepe wake shingoni hata akienda msibani, alikuja na uso wa mtu aliyenyeshewa, akajibana katikati, akaomba kahawa bila sukari. Yeye huyo ambaye sukari huiomba mara mbili.

— Umefiwa? aliuliza Breki.

Breki aliendesha malori ujana wake wote, na mpaka leo jambo lolote ukimletea hulipakia kwenye lori kwanza.

— Bora ningefiwa, alisema Kipimo. Watu wangenipa pole. Umeme umekwisha tena.

— Si ulinunua majuzi?

— Nilinunua majuzi.

— Na Mama Pacha hayupo?

— Hayupo.

— Na friji lake?

— Halipo. Umeme umekwisha vilevile.

Tuseme ukweli, mambo haya Kipimo aliyataka mwenyewe. Wiki chache nyuma alisimama kwenye ngazi za ghorofa anayopanga, milango ya majirani ikiwa wazi, akamwambia mkewe kwamba yeye na friji lake la barafu ndio wanaomfilisi. Mama Pacha alikuwa ameshika sinia la barafu za watoto wa shule, zile za rangi rangi, ambazo ndizo zilizowanunulia pacha viatu. Hakujibu. Kesho yake aliita mkokoteni, akapakia friji, akachukua watoto, akaenda kwa dada yake. Aliacha neno moja tu: ukishajua kinachokula umeme, nipigie, kabla hujajua, usinipigie. Tangu hapo Kipimo analala kwenye kitanda chake kama mgeni wa watu. Alimkumbuka mkewe mpaka akawa anakosea kupima suruali. Lakini alijipa moyo kwamba umeme sasa utadumu, naye atapiga simu kichwa juu. Umeme haukudumu, na sasa hakuelewa kitu.

— Tuanze mwanzo, alisema Profesa.

Profesa hajafundisha popote. Jina hilo alipewa kwa sababu hujibu kabla swali halijafika mwisho.

— Pasi?

— Nanyoosha kwa pasi ya mkaa. Jana nimemuunguzia mteja kola.

— Taa?

— Nimeacha moja, ya chooni. Nikila chakula naacha mlango wa choo wazi.

— Televisheni?

— Nimeichomoa, nikaigeuza ikatazama ukuta, kama ulivyoniambia.

— Vizuri. Televisheni ikikuona tu, inavuta. Maji ya kuoga?

— Ya baridi. Naimba ili nisiisikie.

— Basi ni matundu.

— Matundu gani, Profesa?

— Ya soketi. Soketi isiyochomekwa kitu ni bomba lisilo na koki. Umeme unamwagika humo ndani na wewe umelala.

— Lakini matundu nilishayaziba. Si wewe uliyenituma? Nimebandika plasta soketi zote.

— Plasta ya rangi gani?

— Nyeupe.

Profesa aliweka kikombe chini, akamtazama kwa huruma.

— Nyeupe inapitisha mwanga, ndugu yangu. Na umeme ni nini kama si mwanga?

Kipimo alijaribu kukumbuka kama dukani kwake ana plasta nyeusi. Alijua fika kwamba Profesa hajui anachosema, lakini alikuwa amefika mahali ambapo angesikiliza hata redio iliyozimwa. Breki akaona nafasi.

— Mwache huyu na plasta zake. Wewe unakaa ghorofa ya ngapi?

— Ya tatu.

— Lori likipanda mlima linakula nini?

— Mafuta.

— Linakula mafuta. Sasa umeme wako unapanda mpaka ghorofa ya tatu, gia ya kwanza, injini inanguruma. Ukifika mlangoni kwako umeshachoka. Hama, shuka chini, utakuja kunishukuru.

— Na jirani yangu wa juu, mbona wake unadumu?

Breki alikuna kidevu. Ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa habari za ghorofa ya nne.

— Huyo anaupata ukiwa umeshashika kasi.

Shangazi alicheka mpaka kahawa ikamwagikia jikoni, jivu likaruka. Akalipuliza, akajifuta mkono.

— Mnamzungusha tu mwenzenu. Kipimo, mwenye nyumba umemwona?

— Nimemwona. Ananiambia mita haina ugomvi na mtu.

— Fundi umeme je?

— Hataki mtu aiguse mita ila fundi wake. Na fundi wake kasafiri.

— Kasafiri lini?

— Kila nikimuuliza, huwa ndiyo kwanza kasafiri.

— Mimi swali langu ni moja, alidakia Profesa. Unanunua umeme saa ngapi?

— Asubuhi, nikienda kazini.

— Unaona sasa. Asubuhi watu wote wananunua, unagawiwa umeme mwepesi. Nunua jioni, ukishatulia.

— Umeme una mwepesi na mzito?

— Maziwa je, hayana?

— Maziwa yanaongezwa maji.

— Na hawa unajua wanaongeza nini?

Hakuna aliyejua wanaongeza nini. Breki alisema yeye aliwahi kupakia jenereta moja, nzito kama nyumba, na hakumbuki kama ilikuwa na umeme ndani au ilikuwa tupu, ila tairi zililia njia nzima. Basi wakabishana kama jenereta tupu ina uzito sawa na iliyojaa, mpaka Kipimo akahisi kichwa kinamzunguka. Alikuwa amekuja na jambo moja, sasa ana manne: plasta, ghorofa, saa ya kununua na uzito.

— Nimeshapata, alisema Profesa kwa sauti ya chini, na wote wakainama kumsikiliza. Nyaya zimezoea.

— Zimezoea nini?

— Friji. Limekaa pale ukutani miaka na miaka. Nyaya zinajua kwamba hapa pana mlaji. Sasa mlaji ameondoka, lakini nani kaziambia? Zinaendelea kuleta chakula kama kawaida.

Kipimo, badala ya kubisha, aliutazama mkono wake.

— Hata mimi sijazoea, alisema. Lile friji lilikuwa linanguruma halafu linakaa kimya. Sasa nikilala nasubiri lingurume.

Shangazi alimwongezea kahawa bila kuombwa.

— Dawa yake ni kuzinyima, aliendelea Profesa. Zima kila kitu. Zikae na njaa mpaka zikome.

— Nimeshazima. Nilizima hata swichi kubwa ya ndani, nyumba yote giza, nikatoka kwenye ngazi kuitazama mita.

— Ikawaje?

— Inahesabu.

— Inahesabu nini, na umezima kila kitu?

— Sasa ndiyo nawauliza nyie. Kale kataa kekundu kanawaka, kanazima, kanawaka. Kananikonyeza.

Sasa kijiwe kizima kilichanganyikiwa pamoja naye. Breki alitaka kulirudisha lori, akakuta halina barabara. Profesa aliomba maji.

Kando ya jiko alikuwa amesimama mwokaji mikate aliyehamia mtaani hivi karibuni, unga umemganda viwikoni, akisubiri kikombe kisafi. Hakuna aliyekuwa amemsalimia, si kwa kiburi, walikuwa kazini tu. Shangazi alimpa kahawa yake, naye akakaa mwisho wa kushoto, kwa uangalifu.

— Samahani, wakubwa. Mimi mgeni, nimedaka maneno nusunusu. Huyo mama aliondoka kwa ajili ya umeme?

— Aliondoka na friji, Breki alimweka sawa.

— Na umeme unakwisha vilevile?

— Vilevile, alisema Kipimo.

— Na mkizima kila kitu, mita inahesabu?

— Inahesabu.

Mwokaji alipuliza kahawa yake. Hakuwa na ubaya wowote moyoni, alitaka kuelewa tu.

— Sasa huyo mama alikosa nini?

Profesa, kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lake, aliliacha swali likafika mwisho, likapita. Breki aliitazama barabara kama mtu anayengoja abiria. Shangazi alimtazama Kipimo.

— Hilo si swali la umeme, alisema Profesa hatimaye.

— Sawa, alisema mwokaji. Nilikuwa nauliza tu.

Kipimo alihisi masikio yanamuwaka. Siku zote hizi amekuwa akipapasa kuta akimtafuta mwizi, na hajajiuliza hata mara moja kuhusu yule ambaye yeye mwenyewe alikwisha kumhukumu. Alimwona mkewe pale kwenye ngazi na sinia lake, barafu zikiyeyuka, majirani wakichungulia. Hakuwa amemsema kwa kuwa alijua. Alimsema kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Aibu ilimshika, aibu ya kweli, akatoa simu.

— Umeshajua kinachokula? aliuliza Shangazi.

— Bado.

— Si alikukataza kupiga?

— Alinikataza.

Simu iliita mpaka ikakaribia kukatika. Mama Pacha alipopokea, nyuma yake watoto walisikika wakigombea kitu.

— Umejua kinachokula umeme?

— Sijajua.

— Sasa unanipigia ya nini?

— Umekwisha tena, alisema Kipimo. Umekwisha na wewe hupo. Nilikusema mbele za watu, na kumbe si wewe unayeumaliza. Nisamehe, Mama Pacha.

Kule nyuma watoto walinyamaza, kama waliofinywa. Kipimo aliibana simu sikioni, akasikia mkewe anavuta pumzi.

— Nani kakwambia?

Kipimo aligeuka kukitazama kijiwe. Breki alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, na viatu vyake havina kamba. Profesa alikuwa ameingiza pua yote kwenye kikombe. Kipimo alitamani kusema kwamba amewaza mwenyewe, na maneno yenyewe yalishafika mdomoni, lakini huyu mwanamke anamjua.

— Mtu tu, alisema. Mgeni. Hata jina sijamuuliza.

— Mgeni, alisema Mama Pacha polepole. Amekaa na nyie muda gani hapo kijiweni mpaka akajua?

Kipimo alimtazama mwokaji, ambaye bado alikuwa anaipuliza kahawa yake ipoe.

— Hajamaliza hata kikombe.