Pindo la Vidole Vinne

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni na mlio dukani, punguzeni kelele kidogo. Leo tunamkumbuka fundi cherehani, Mama Pindo, aliyezikwa jana. Ni miaka themanini na ushee tangu nchi yetu iingizwe vitani.

Iingizwe, nasema. Asubuhi moja redio ya karakana alikoshona ilitangaza kwamba watawala wetu wanapigana, kwa hiyo na sisi tunapigana. Fundi mmoja akauliza, "Jamani, tumegombana na nani?" Hakuna aliyejua. Mchana yakashushwa majora ya kaki.

Mama Pindo, wakati huo msichana mbichi, alishona sare za vijana ishirini na watatu wa mtaa wake. Ishirini na watatu. Mmoja alikuwa mdogo wake, yatima mwenzake. Alikuwa na miaka kumi na sita, akamwapia karani wa kuandikisha askari kwamba ana kumi na tisa. Dada alimbembeleza abaki. Wapi!

"Haya, njoo nikupime," akamwambia.

Siku ya gwaride, yule kijana alipiga hatua saba tu. Pindo la mguu wa kushoto likafumuka. Kisha la kulia. Suruali ikameza viatu. Walioshuhudia wanaapa hata farasi wa sajini alicheka.

Sajini akainama, akapima kitambaa kilichoshuka: vidole vinne.

"Hili ni pindo la mtoto anayerefuka! Sema kweli, una miaka mingapi?"

Akarudishwa nyumbani analia.

"Nilimnunia miaka miwili," mdogo wake, sasa babu mwenye mkongojo, alituambia makaburini. "Akinipakulia chakula, nageukia ukutani. Na sikurefuka hata nusu kidole!"

Vita vilipokwisha, kati ya wenzake ishirini na wawili, walirudi tisa. Siku hiyo kijana alikwenda karakanani, akakaa chini karibu na cherehani ya dada yake.

Mjukuu wa marehemu anasema kila mwaka, siku ya kumbukumbu, bibi alikuwa hashoni. "Tukimsifu kwa kumwokoa babu, anakataa. Anasema, 'Wale wengine niliwakatia sawasawa, mjukuu wangu. Nilishona vizuri mno.'"

Kwa familia, poleni sana. Babu, pole ya peke yako. Nasi wengine, kabla hatujarudi kwenye shughuli zetu, tuwakumbuke wale kumi na watatu. Sare zao ziliwakaa vizuri.